Imaja ya meiflai: nzi wa kuning'inia, sio wa kuelea

Kuna jioni moja nilisimama kwenye maji ya magotini karibu saa nzima natazama trauti wanakula kila upande, mbele yangu, kushoto, chini ya tawi lililoinamia mto, na hakuna hata mmoja aliyegusa nzi wangu, yaani kile chambo bandia cha manyoya na uzi tunachofunga kwenye ndoana kuiga mdudu. Meiflai walikuwa wanatoka kwa wingi, unawaona wamekaa juu ya maji na mabawa ya kijivu yamesimama kama tanga la mashua, na mi nilikuwa nimefunga nzi wa juu, yule wa kuelea, saizi ileile na rangi ileile kabisa, nikamrusha vizuri, akapita juu ya samaki bila kuburutwa na mshipi, samaki akapanda, akamkagua, akarudi zake chini. Nikabadilisha nzi. Akapanda tena mara moja, baada ya hapo hakupanda tena.

Kilichonisaidia ni kuacha kurusha. Nilikusanya mshipi, nikabana fimbo kwapani, nikainama mpaka uso ukakaribia maji na kuanza kumfuata mdudu mmoja mmoja kwa macho. Wale waliosimama na mabawa yao walipita salama, wengi waliruka wenyewe bila kuguswa. Ila katikati yao kulikuwa na vitu vingine ambavyo kwanza nilidhani ni takataka, vijiti vidogo vya kahawia vimelala kwenye utando wa maji. Nikakinga kiganja nikachota kimoja. Kalikuwa kadudu, tena hai. Mgongo umepasuka pale kifuani, kichwa na mabega vimeshatoka, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa, na huku nyuma bado kamevaa ngozi yake ya zamani, kanajivuta, kanapumzika, kanajivuta tena. Nilikaa nako mkononi mpaka kakatoka kote, mabawa yakanyooka, na lile gamba likabaki limenata kwenye mstari wa kiganja changu, tupu, rangi ya asali, nyembamba kiasi kwamba niliona mikunjo ya ngozi yangu kupitia kwake.

Hapo ndo ikaniingia akilini. Samaki hawakuwa wanakula waliokwisha kutoka, walikuwa wanakula wanaotoka.

Nzi anayeiga hali hiyo ya kutoka, nusu ndani ya maji nusu nje, ndo anaitwa imaja, na tangu siku ile ndo nzi ninayemfunga kuliko wote. Leo nataka nieleze ninavyomfunga, lakini zaidi nataka nieleze kwa nini, manake nimeona watu wengi wakimfunga kwa kufuata picha tu, rangi inatoka sawa, urefu wa mabawa sawa, halafu mtoni analala ubavu juu ya maji kama nzi mwingine yeyote. Imaja sio sura, ni mkao. Ukishalishika hilo, kila kitu unachoweka kwenye ndoana unakiuliza swali moja, hiki kinazamisha au kinainua?

Tuanze na mdudu mwenyewe. Meiflai ni wadudu wa majini, kundi lao lote kitaalamu linaitwa Ephemeroptera, jina lililounganishwa na maneno ya Kigiriki yenye maana ya siku moja na bawa. Lakini hiyo siku moja ni ya mwisho wa safari tu. Sehemu kubwa ya maisha yake anaishi chini ya maji akiwa nimfu, yaani mchanga asiye bado na mabawa ya kurukia, anatambaa kwenye mawe, anakula mwani na mabaki ya majani yaliyooza, anajivua gamba mara nyingi kadiri anavyokua, na hiyo inachukua miezi, wengine mwaka au zaidi. Ukigeuza jiwe mtoni ukamwona ana vifuko vya mabawa vyeusi tii mgongoni ujue siku zake zimefika. Gesi inajikusanya kati ya ngozi ya zamani na mpya, anaachia jiwe, anapanda juu huku akijisukuma kwa kiwiliwili na mkia, na akifika juu anagonga dari.

Nasema dari kwa sababu kwa mdudu wa milimita sita au saba ule utando wa juu ya maji sio kitu kidogo. Sisi tunatumbukiza mkono bila kuuhisi, yeye inabidi autoboe, apasue ngozi kifuani, atoe kichwa, atoe miguu, achomoe mabawa, mwishoni avute mkia, asimame juu ya gamba lake mwenyewe kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi, akaushe mabawa ndo aruke. Muda wote huo hawezi kuzama kukimbia wala kuruka kukimbia. Trauti analijua hilo vizuri sana. Na siku ya baridi yenye manyunyu mambo yanakuwa magumu zaidi kwa mdudu, mabawa yanachelewa kukauka, wengi wanakwama njiani na wengine wanafia humohumo ndani ya gamba, ndo maana siku ambazo watu wengine wanarudi nyumbani kwa sababu ya mvua, mi ndo kwanza navaa koti.

Kuna jambo lingine kuhusu huyu mdudu linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Akishatoka majini anaenda kukaa kwenye majani ya ukingoni, na huko anajivua gamba tena mara moja, mabawa na vyote, ndo anakuwa amekomaa, mabawa yake yanakuwa angavu kama kioo badala ya yale ya kijivu ya mwanzo. Hakuna wadudu wengine walio hai leo wanaojivua gamba wakiwa tayari na mabawa ya kurukia. Hali chakula tena, midomo yake haifanyi kazi, kilichobaki ni kupandana, kutaga na kufa.

Si meiflai wote wanatokea juu ya maji namna hii, hilo tusilisahau. Wale wa jenasi ya Epeorus huwa wanachomoka kwenye ngozi wakiwa bado chini na kupanda juu mabawa yakiwa tayari nje, na wapo wengine wanaopanda kwenye mawe na majani wakajivulia hukohuko nchi kavu. Kwa hao imaja ya kuning'inia haina kazi kubwa. Lakini wale wadogo wa jamii ya Baetis, ambao wanatokea juu na utando unawasumbua kweli kwa sababu ya udogo wao, hao ndo imaja ilitengenezewa hasa.

Utajuaje kama samaki anakula imaja? Usiangalie mduara wa maji, angalia kinachotoka nje. Anayekula mdudu aliyesimama juu, pua inatokeza, na mara nyingi anaacha povu dogo kwa sababu amevuta hewa pamoja na mdudu. Anayekula imaja, pua huioni, unaona mgongo unajibinua, pezi la juu, pengine na ncha ya mkia, halafu maji yanatulia na hakuna povu. Ukiona migongo bila pua, fungua kiboksi cha imaja.

Sasa huo mkao. Samaki akiwa chini akiangalia juu, anaona nje kupitia duara moja tu lililoko juu ya kichwa chake, kama dirisha, upana wake ni pembe ya digrii 97 hivi, na nje ya hilo duara utando wa maji kwake ni kioo cha kujitazamia, kinamrudishia picha ya mawe ya chini. Nzi aliyeelea juu kabisa, akiwa bado nje ya dirisha, samaki anaona vidoti tu pale miguu na manyoya yanapobonyeza utando. Lakini kitu kilichoning'inia chini ya utando anakiona mapema, kutoka mbali, tena anakiona mara mbili, chenyewe na picha yake kwenye kioo. Ndo sababu kiwiliwili kinachozama kina thamani kuliko bawa zuri. Bawa ni la kumshikilia nzi, na ni la macho yetu sisi tumwone.

Wa kwanza kunifanya nilione hili kwa nzi wa mtu mwingine alikuwa Klinkhåmer, nzi aliyebuniwa na Mholanzi Hans van Klinken miaka ya mwanzo ya 1980 kwenye mto Glomma huko Norway. Ndoana imepinda, kiwiliwili kinashuka chini ya maji kama kipande cha barafu baharini, na juu kuna duara la manyoya lililozungushwa kwenye kinguzo cha bawa. Mwenyewe alikuwa anaiga mdudu mwingine, sio meiflai, lakini wazo ni lilelile. Bob Quigley wa California naye alifunga wake wa mdudu aliyekwama, bawa la nywele za kulungu limeegemea mbele juu ya tundu la ndoana na gamba linaburuzika nyuma. Na Rim Chung wa Colorado ana RS2, kadogo, kembamba, karibu hakana kitu, na ukikaona kwa mara ya kwanza unajiuliza samaki anaona nini. Anaona mkao.

Wangu mimi nimemtoa kwenye familia hiyohiyo, na nimempunguza vitu mwaka hadi mwaka. Bawa ni la CDC, yale manyoya ya bata yaliyo kuzunguka tezi ya mafuta juu ya mkia. Wafungaji wa milima ya Jura, kule Uswisi inapopakana na Ufaransa, walikuwa wanayatumia tangu miaka ya 1920. Watu husema yanaelea kwa ajili ya mafuta, na ni kweli kwa sehemu, ila hata yaliyooshwa na kutiwa rangi bado yanaelea, kwa sababu kila unyoya una vinyoya vidogo sana vilivyojisokota ambavyo vinakamata hewa. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Vitu ninavyoweka mezani ni hivi. Ndoana iliyopinda, waya mwembamba, saizi 16 kwa kuanzia (namba ikipanda ndoana inapungua, usichanganyikiwe), uzi mwembamba wa kufungia, namba 8/0, rangi ya kahawia au kijani cha zeituni, kipande cha uzi wa Antron, ule wa kiwandani unaong'aa, rangi ya asali kwa ajili ya gamba, nyuzi tatu nne za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye fezanti, waya wa shaba ule mwembamba kabisa, manyoya mawili ya CDC ya kijivu, na vinyoya vya uso wa sungura vya kusokota kwenye uzi, vile wanaita dabingi. Basi. Jiliwa, au vaisi kama wengi tunavyoita, bobini ya kushikilia kibiringo cha uzi, mkasi wenye ncha kali.

Nabana ndoana, nabonyeza kale kamwiba ka ndoana kwa koleo kabla sijafunga chochote, manake mara mojamoja ndoana inavunjika hapo na ni afadhali ivunjike ikiwa tupu. Naanza uzi nyuma kidogo ya tundu, narudi nao nyuma kwa mizunguko iliyolala ubavu kwa ubavu mpaka pale ndoana inapoanza kushuka, na naendelea kidogo zaidi. Watu wengi wanasimama mapema hapa. Kiwiliwili kikiishia kwenye sehemu iliyonyooka, nzi atalala, kikiingia kwenye mpindo, atashuka.

Gamba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo nilikosea kwa muda mrefu. Nilikuwa nakata uzi wa Antron ulivyo, mzima, naufunga mkiani, unatoka kama brashi ya kupakia rangi. Kulikuwa na mzee mmoja nilizoea kumkuta mtoni, siku moja akaomba kuona kiboksi changu, akachukua nzi mmoja akamgeuza kwenye mwanga akasema, “Mwanangu, huyu mdudu anahangaika kuvua nguo, wewe unamwongezea koti.” Nikamwambia, “Mzee, sasa niweke ngapi?” Hakunijibu kwa namba, alichambua ule uzi kwa kucha mpaka nyuzi zikaachana, akatoa kifungu ambacho ukikiweka juu ya gazeti unasoma maandishi chini yake. Nikakumbuka lile gamba la kiganjani mwangu. Tangu hapo kwa ndoana ya 16 nachukua nyuzi kama kumi hivi, nazifunga, nazikata ziwe karibu nusu ya urefu wa ndoana, na sizikati zote sawa, nazikata kwa ncha ya mkasi moja moja ili mwisho uwe na uchakavu. Uzi huu unang'aa kwenye maji, na ndo tunachotaka, kwa sababu gamba halisi lina gesi ndani na linameremeta.

Baada ya gamba naunga waya wa shaba, halafu zile nyuzi za fezanti nazifunga kwa ncha zake, nazizungusha kwenda mbele mpaka theluthi mbili ya ndoana, nazibana. Waya nauzungusha upande wa pili, unavuka juu ya fezanti badala ya kufuata njia yake, mizunguko minne au mitano. Fezanti peke yake ni dhaifu, jino moja la trauti linatosha kuikata, waya ukivuka inashika. Na waya unafanya kazi ya pili ambayo kwangu ndo ya kwanza, unaongeza uzito nyuma. Kidogo tu, lakini nyuma.

Kwa zile ndoana ndogo, namba 20 na zilizo ndogo zaidi, siweki fezanti kabisa, kiwiliwili ni uzi mtupu na waya.

Sasa bawa. Nachukua manyoya mawili ya CDC, nayalaza moja juu ya lingine ncha zikilingana, nalowesha vidole kidogo niyaweke pamoja, nayaweka juu ya ndoana ncha zikielekea mbele, kupita tundu. Nayabana kwa mizunguko miwili ya kulegea kwanza, navuta mashina kurudi nyuma taratibu mpaka ncha zifikie urefu ninaoutaka, ambao ni sawa na kiwiliwili au pungufu kidogo, ndo nakaza. Mashina yanayobaki nyuma nayakata kwa kuinamisha mkasi ili yaishe kama mteremko, yasiache ngazi. Hapo tayari umbo la kifua limeanza kujijenga lenyewe.

Kifua ni sungura. Bana vinyoya vichache kwenye uzi ulioguswa na nta, sokota upande mmoja tu (ukisokota kwenda na kurudi unajifungulia mwenyewe), mizunguko mitatu nyuma ya bawa, kisha upitishe uzi mbele, inua bawa kwa kidole, na uzungushe uzi mara chache chini yake pale mbele ili lisimame kwa kuegemea mbele. Sio wima kabisa na sio kulala juu ya tundu. Kama mtu aliyeinua mkono kuomba avutwe atoke shimoni. Fundo la kumalizia, mizunguko minne, na kama unatumia vanishi basi tone la ncha ya sindano kwenye uzi tu, manake CDC ikinyonya vanishi haifai tena, inageuka mwiba.

Ukiona bawa ni refu mno usilikate kwa mkasi. Libane kati ya kucha mbili uvunje ncha. Mkasi unaacha ukingo ulionyooka kama ufagio na manyoya yanapoteza ule ulaini wa mwisho.

Kuna namna nyingine ya bawa ambayo naiheshimu, ya kitanzi, unafunga CDC nyuma ya kifua, unaweka sungura, halafu unaikunja kuja mbele bila kuivuta, inabaki kama daraja lenye hewa chini yake. Inaiga yule mdudu ambaye ndo kwanza mgongo unapasuka, mabawa hayajatoka. Nafunga wachache wa namna hiyo kwa maji yaliyotulia sana, lakini siwaoni vizuri jioni, kwa hiyo wa bawa la mbele ndo anakula muda wangu mwingi.

Nzi akishatoka kwenye jiliwa simweki kwenye kiboksi moja kwa moja. Nina glasi ya maji mezani. Nalowesha kiwiliwili kwa mate, nakibonyeza mpaka hewa itoke, namwachia juu ya maji, halafu nainama naangalia kwa chini kupitia ubavu wa glasi. Hapo ndo ukweli wote uko. Nzi mzuri, unaona kijishada cha bawa juu kimekaa, utando wa maji umejibonyeza kidogo kuzunguka kifua, na chini yake kiwiliwili kimeshuka kwa mshazari, gamba limetawanyika linametameta, na juu yake kuna picha yake ya pili kichwa chini miguu juu. Nzi mbaya utamwona amelala bapa, mkia juu ya utando, hakuna kilichoshuka. Huyo simtupi. Mara nyingi ni dabingi imezidi, nachomoa kwa ncha ya sindano, namrudisha majini, anashuka. Nimejifunza kufunga kwa glasi kuliko kwa picha yoyote niliyowahi kuangalia, kwa sababu glasi inakuonyesha upande ule anaoona samaki.

Mtoni kuna jambo moja niliwahi kuharibu nalo siku nzima. Nilikuwa nimezoea kupaka nzi wa juu ule mgando wa kumfanya aelee, nikampaka na imaja, bawa na kiwiliwili na gamba, vizuri kabisa. CDC ikagandamana ikawa kama unyoya wa kuku aliyenyeshewa, maana vile vinyoya vidogo vinavyokamata hewa vyote viliungana, na upande wa pili kiwiliwili nacho kikakataa kuzama. Yaani kila kitu kilifanya kinyume na kazi yake. Bawa lipewe unga mkavu tu, ule wa silika unaonyonya maji, na kiwiliwili kiloweshwe kwa makusudi. Hata ukikisugua na tope kidogo la ukingoni ni sawa.

Tipeti, ile ncha nyembamba ya uzi inayofungwa kwenye nzi, natumia 5X kwa saizi 16, ni kama milimita 0.15, na 6X kwa zile ndogo. Lida, ule uzi unaounganisha mshipi na nzi, naipaka mafuta ielee lakini kipande cha mwisho, urefu wa kiganja na zaidi kidogo, nakiacha kizame, kwa sababu uzi unaoelea juu karibu na nzi unachora mstari kwenye kile kioo cha samaki. Ukirusha, rusha mbele yake hatua moja hivi, acha mto umbebe. Imaja halisi haiendi popote kwa nguvu zake, inapelekwa, kwa hiyo mburuto kidogo tu unamharibu kuliko kosa lolote la rangi. Na samaki akichukua usikurupuke. Hakuna kishindo. Kile kijishada kinatoweka tu, kama kimezimwa, unainua fimbo taratibu mpaka uhisi uzito.

Nilirudi pale penye tawi lililoinama jioni moja yenye manyunyu ya kuanzia mchana, na migongo ilikuwepo, migongo bila pua. Samaki wa chini ya tawi alikuwa anapanda kila baada ya muda kidogo, mahali palepale, upana wa sahani. Nilihesabu mara tatu nikamrushia ya nne. Nzi akatua, bawa likasimama, akaingia kwenye kivuli cha tawi nikampoteza sekunde moja, nikamwona tena, halafu pezi likapita pale alipokuwa na hakukuwa na nzi tena. Alipigana kushuka na mto, nikamfuata nikimzuia asiingie kwenye mizizi, nikamleta kwenye maji ya taratibu, ubavu wa njano na madoa mekundu yenye duara jeupe, imaja imekaa pembeni ya taya, ikachomoka kwa kidole kwa kuwa haina mwiba. Nilimshikilia akiangalia juu ya mto mpaka akajikaza na kuondoka mwenyewe.

Nzi alikuwa ameloa ute wote, bawa limelala. Nikamsuuza mtoni, nikambana kwenye kitambaa, nikampuliza mara mbili, nikamtingisha ndani ya kile kichupa cha unga, nikapuliza tena, na vinyoya vikaanza kuinuka kimoja kimoja. Nikalowesha kiwiliwili upya kwa mate. Karibu na mizizi, hatua kama mbili juu ya pale alipokuwa yule wa kwanza, mgongo mwingine ukajibinua, mdogo kidogo, bila povu, nikaanza kuhesabu.